Hesabu Safi na Sanduku la Kura: Mfano wa Isiolo

Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 wapiga kura wa Kaunti ya Isiolo waliwekewa mbele yao chaguo la nadra. Miongoni mwa waliowania kiti cha ugavana alikuwamo Bw Halakhe Waqo, mtu ambaye tangu mwaka 2013 hadi 2019 alikuwa afisa mkuu mtendaji wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Ikiwa kuna mgombea aliyeweza kusimama jukwaani na kudai kwamba anajua jinsi fedha za umma zinavyoibwa na jinsi zinavyolindwa, basi ni yeye. Kura zilipohesabiwa, kiti kilimwendea Bw Abdi Guyo wa chama cha Jubilee, mwanasiasa aliyejijengea jina katika bunge la Kaunti ya Nairobi, alikokuwa kiongozi wa wengi.

Sina nia ya kusema kwamba huyu alistahili na yule hakustahili. Hilo ni la wenye kura, nao walikwisha kulikata. Wala kuongoza tume ya kupambana na ufisadi si sawa na kuongoza kaunti. Ninalotaka kulichungua ni swali ambalo walimu wa historia na serikali hulipitia darasani kwa haraka mno, kana kwamba jibu lake linajulikana na wote: je, mpiga kura humtuza kiongozi wake wa mtaani kwa kuwa ametunza vizuri fedha za umma? Vitabu vyetu vya shule hudokeza kuwa ndivyo. Kiongozi akiwa mwadilifu, humrudisha. Akiwa mbadhirifu, humwondoa. Ugatuzi wenyewe, ulioanza baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, ulijengwa juu ya matumaini hayo: fedha zikisogezwa karibu na mwananchi, jicho la mwananchi nalo litazisogelea.

Isiolo imefanya uchaguzi wa gavana mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu imempata gavana mpya. Bw Godana Doyo aliingia mwaka 2013. Mwaka 2017 akashindwa na Dkt Mohamed Kuti, aliyekuwa mbunge wa Isiolo Kaskazini, kisha waziri, kisha seneta, na ambaye safari hiyo alisimama akiwa mgombea huru. Dkt Kuti naye hakutetea kiti chake mwaka 2022. Mtu wa mbali akitazama orodha hiyo atasema kwamba watu wa Isiolo ni wakali kwa viongozi wao. Mimi nasema kwamba orodha hiyo haituambii neno lolote kuhusu hesabu. Twaweza kujua nani aliingia na nani alitoka, lakini tukitaka kujua kama vitabu vya fedha vilikuwa na sehemu katika uamuzi huo, yatubidi tutazame kwanza kama mpiga kura alikuwa na vitabu hivyo mkononi.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji achukue kalamu na karatasi. Mwaka wa fedha wa serikali zetu huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Katiba ya 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atoe ripoti yake katika muda wa miezi sita baada ya mwaka huo kwisha, yaani kufikia Desemba 31. Uchaguzi mkuu nao hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Sasa mchukue gavana aliyeapishwa Agosti 2017. Bajeti ya mwaka wa kwanza aliyoikuta mezani, ile ya 2017/18, iliandaliwa na mtangulizi wake; hesabu za mwaka huo, ziwe nzuri au mbaya, ni za mikono miwili. Bajeti ya mwaka wake wa mwisho, ile ya 2021/22, ilifungwa Juni 30, 2022, siku arobaini tu kabla ya watu kupiga kura, na ripoti ya ukaguzi wake haikutarajiwa hadi miezi minne na ushei baada ya mshindi kutangazwa. Katika miaka mitano, basi, mpiga kura hubakiwa na mitatu ambayo anaweza kuihukumu kwa haki. Na ule mwaka asioweza kuuona kabisa ndio mwaka wa kampeni, ambamo kishawishi cha kufungua mfuko kwa pupa huwa kikubwa kupita miaka mingine yote. Atakayesema kwamba mpangilio huu ni bahati mbaya tu, na aseme. Mimi naona kwamba waliopanga kalenda hizi mbili hawakukaa meza moja.

Tuseme hata hivyo ripoti zingefika kwa wakati. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, kwa mamia ya kurasa, na mkaguzi hutoa hukumu yake kwa daraja nne ambazo hata mwalimu wa biashara huhitaji kuzieleza mara mbili: hesabu ni safi, hesabu ni safi isipokuwa mambo kadhaa, hesabu si za kuaminika, au, lile lililo baya kuliko yote, mkaguzi ameshindwa hata kutoa maoni kwa sababu hakuonyeshwa stakabadhi. Katika kaunti ambayo watu wake huzungumza Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kimeru na Kisomali, na ambayo sensa ya 2019 iliwahesabu watu 268,002 waliotawanyika kuanzia Oldonyiro hadi Sericho, maneno hayo hayavuki lango la ofisi za mjini.

Lakini nisimtupie lawama zote mkaguzi. Tatizo lina mzizi wa zamani zaidi, na wanafunzi wa historia watanivumilia nikiurudia. Halmashauri zetu za wilaya zilikuwa na madaraka ya maana baada ya uhuru; ziliendesha shule za msingi, zahanati na barabara. Sheria ya 1969 ya kuhamisha majukumu ikazinyang'anya yote hayo na kuyapeleka Nairobi kuanzia 1970. Kwa zaidi ya miaka arobaini baadaye diwani wa Isiolo alikuwa mtu wa kuombea watu, si mtu wa kutunza fedha. Karani wa halmashauri aliteuliwa na serikali kuu, naye ndiye aliyeshika daftari. Halmashauri ya Isiolo ilibahatika kuwa na mbuga za Shaba na Buffalo Springs, zilizoiletea mapato ya watalii, lakini mpiga kura wa kawaida hakulipa ushuru ambao angeudai hesabu. Alichojifunza, na akakifunza watoto wake, ni kwamba kiongozi bora ni yule ajuaye kubisha hodi katika wizara na kurudi na kitu. Katika mpango huo, kutunza si sifa. Sifa ni kuleta.

Ugatuzi ulibadilisha kiasi cha fedha bila kubadilisha sana tabia hiyo. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Isiolo kutoka Hazina Kuu ulikaribia shilingi bilioni 4.7, na yale ambayo kaunti ilijikusanyia yenyewe, mbugani na sokoni na katika leseni, yalikuwa chembe tu ya kiasi hicho. Fedha za namna hii huja kama mvua: hakuna aliyezitolea jasho, na kila mmoja huuliza tu zimenyesha upande gani. Mtu aliyetozwa shilingi mia moja sokoni atauliza mia yake imekwenda wapi. Mtu asiyetozwa kitu, akasikia kwamba mabilioni yameshuka kutoka Nairobi, atauliza fungu la watu wake liko wapi. Yote mawili ni maswali halali, lakini ni lile la kwanza tu linalojibiwa kwa daftari la hesabu. La pili hujibiwa kwa majina: nani ni naibu wa gavana, nani ni waziri wa kaunti, nani ameajiriwa, watoto wa nani wamepata basari.

Na wageni wanaoidharau siasa hii ya kabila na ukoo hawajakaa Isiolo wakati wa kiangazi. Ardhi kubwa ya kaunti hii ni malisho yasiyo na hati. Mipaka yake na majirani imekuwa ikigombaniwa miaka nenda miaka rudi, na mito na visima huwa chanzo cha umwagaji damu. Mfugaji wa Merti anapotafuta gavana, anamtafuta kwanza mtu ambaye hatamwacha siku bunduki zitakapolia malishoni. Akiambiwa kwamba mgombea fulani atafunga vitabu bila kasoro, atasema ni vizuri, kisha atauliza kuhusu malisho. Mabaraza ya wazee yanayokaa na kupendekeza wagombea kabla ya uchaguzi huangalia zaidi mizani ya koo na jamii, ili asiwepo atakayejiona amefungiwa nje. Katika nchi yenye makovu kama yale ya Vita vya Shifta vya miaka ya sitini, hiyo si hekima ya kuchekwa. Ila ina gharama yake, nayo ni kwamba swali la hesabu hukosa pa kukaa: mtu huingia kwa sababu ya zamu, na zamu haina mtihani.

Kuna jambo jingine ambalo huniudhi zaidi, maana halimhusu Mborana wala Mturkana bali binadamu wote. Utunzaji mzuri wa fedha hauonekani. Wizi ambao haukutendeka hauna jiwe la msingi wala sherehe ya ufunguzi. Tazama ukame wa 2020 hadi 2023, ulioikumba kaskazini yote ya Kenya kwa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana. Gavana anayepeleka maji kwa malori vijijini huonekana. Lori lina jina ubavuni, watoto hulikimbilia, na picha hupigwa. Gavana ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alitenga fedha za vipuri na mafuta ya pampu, ili kisima kisife wakati kinahitajiwa, hapigwi picha yoyote. Kijiji chake kina maji, na watu wanadhani kwamba ndivyo Mungu alivyopenda. Kwa hesabu ya mhasibu, wa pili ametumia fedha chache na kuokoa mifugo mingi. Kwa hesabu ya jukwaa la kampeni, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi.

Isiolo yenyewe iliwahi kuona jinsi utunzaji unavyoweza kuonekana. Mnamo Desemba 2018 kaunti hii ilichaguliwa pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos kuwa mahali pa kujaribia mpango wa afya kwa wote, ambapo wananchi walitibiwa bila malipo katika hospitali za umma. Dawa zilipokuwapo, kila mama aliyekwenda zahanati alijua bila kusoma ripoti yoyote kwamba fedha zilifika. Zilipokosekana, alijua vilevile. Kabati la dawa ni ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa kwa lugha ya kila mtu. Kwa bahati mbaya mpango ule ulikuwa wa serikali kuu, na mama yule hakuwa na njia ya kujua kama amshukuru rais au gavana.

Msomaji mwerevu atakuwa ameanza kuninong'oneza: mbona Makueni? Naam, Makueni ndio mfano unaotajwa kila mara, nami sitaukimbia. Prof Kivutha Kibwana alichaguliwa gavana huko mwaka 2013, akaingia katika vita na bunge lake la kaunti juu ya bajeti, vita vilivyofikia hata kufyatuliwa kwa risasi mjini Wote mnamo Septemba 2014. Tume iliyoundwa kuchunguza mgogoro ilipendekeza kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha Kibwana kwa kura nyingi mno. Katika ukaguzi wa mwaka wa fedha wa 2017/18, Makueni ilitajwa miongoni mwa kaunti chache sana zilizopata hati safi. Kilichoifanya hesabu ionekane huko, nionavyo mimi, hakikuwa hati hiyo, maana ilikuja baada ya uchaguzi. Kilikuwa ni zile kamati za miradi za wanakijiji, ambazo mwanakandarasi hakuweza kulipwa mpaka ziweke sahihi kwamba kazi imekwisha ipasavyo. Mwanakijiji aliyeshika kalamu ya kumzuilia mwanakandarasi malipo hahitaji kusomewa ripoti. Yeye mwenyewe ni mkaguzi.

Mfano wa Makueni ungekuwa mtamu kama ungeishia hapo. Lakini Nyandarua nayo ilitajwa pamoja na Makueni katika ile orodha fupi ya hati safi ya 2017/18, chini ya gavana wake Bw Francis Kimemia. Mwaka 2022 Bw Kimemia alisimama tena na akaangushwa na Bw Moses Kiarie Badilisha wa UDA, wakati upepo wa chama hicho ukivuma katika Mlima Kenya nzima. Na Prof Kibwana mwenyewe, baada ya kumaliza vipindi vyake viwili akiwa na sifa zilizovuka mipaka ya nchi, aligombea useneta wa Makueni mwaka huohuo wa 2022. Watu walewale waliomrudisha kwa kishindo wakampa kiti Bw Dan Maanzo wa chama cha Wiper. Huo ndio ukweli, hata kama unatuchoma sisi tupendao hesabu safi: mpiga kura anaweza kumtuza mtunzaji, lakini tuzo hiyo ni nyepesi, na upepo wa chama au wa ukoo ukivuma huipeperusha kama pumba.

Nyepesi si kusema haipo. Huko Brazil, serikali ya kitaifa ilianza mwaka 2003 kuchagua wilaya kwa bahati nasibu na kukagua hesabu zake, kisha ikazitangaza. Wachumi Claudio Ferraz na Frederico Finan walilinganisha miji ambayo matokeo ya ukaguzi yalitangazwa kabla ya uchaguzi wa 2004 na ile iliyotangaziwa baadaye. Mameya waliogunduliwa na makosa mengi walipoteza kura pale tu ambapo watu walijua mapema, na adhabu ilikuwa kali zaidi mahali palipokuwa na redio ya mtaani. Karibu nasi zaidi, watafiti nchini Uganda waliwatumia wapiga kura ujumbe wa simu wenye matokeo ya ukaguzi wa wilaya zao kabla ya uchaguzi wa 2016. Ujumbe ule haukugusa kura za wenyeviti wa wilaya, wale wakubwa wenye vyama na fedha nyuma yao. Ulizigusa kura za madiwani.

Matokeo hayo ya Uganda yamenikaa kichwani, kwa sababu yanaeleza vizuri pale Isiolo ilipo. Katika kiti cha gavana, sauti ya hesabu humezwa na kelele nyingine. Hata vyombo vya dola navyo huimezea huko. Mnamo Juni 2025 bunge la kaunti lilisema limempigia Gavana Guyo kura ya kumwondoa mamlakani, na mashtaka yakapelekwa katika Seneti. Mwezi Julai Seneti iliyatupilia mbali, na jambo lililoamua kesi halikuwa kama fedha zilitumiwa vyema au vibaya, bali kama kikao chenyewe cha bunge la kaunti kilifanyika inavyotakiwa. Gavana akarudi kazini, wapinzani wake wakarudi majukwaani, na mwananchi wa Kinna au Ngaremara aliyetaka kujua hesabu zinasemaje hakusikia zikijadiliwa mpaka mwisho. Hapo kila upande ulibaki na madai yake mkononi.

Katika wadi mambo ni mengine. Isiolo ina wadi kumi tu, na wapiga kura wote wa kaunti mwaka 2022 hawakutimia laki moja. Gawanya wewe mwenyewe. Katika eneo dogo namna hiyo, mwakilishi wadi anajulikana kwa jina la babake, na watu mia mbili wenye habari moja ya uhakika ni jeshi. Ni huyo mwakilishi anayepitisha bajeti, na ndiye anayepaswa kumwuliza gavana juu ya malimbikizo ya madeni, juu ya mishahara inayomeza fungu la maendeleo, juu ya ile sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inayotaka angalau asilimia 30 ya bajeti iende katika miradi. Habari zenyewe si siri: Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti kila robo mwaka, bila kungojea Desemba ya mkaguzi. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili anayetafuta mfano wa asilimia hana haja ya kuhesabu machungwa ya kubuni. Kaunti yake ina sura nzima katika ripoti hiyo. Redio nazo zipo mjini Isiolo, zikiwafikia watu ambao gazeti hili haliwafikii, na wanafunzi wa sekondari wanaojua Kiingereza na lugha ya mama wanaweza kuzifanyia tafsiri ya ukurasa mmoja kwa jioni moja.

Wazee nao sitaki kuwaacha nje. Hakuna atakayeyaondoa mabaraza yao katika siasa za Isiolo, na sioni kwamba ni lazima yaondolewe. Mgombea anapoitwa mbele yao chini ya mti, huulizwa kuhusu malisho, mipaka na zamu. Aliyekwisha kushika fedha za umma, hata za kamati ya shule, angeweza kuulizwa papo hapo alikuta deni kiasi gani na aliacha kiasi gani, na atakayejibu kwa kuzungukazunguka aambiwe alete karatasi kikao kijacho.